Haikufika, Haikupokelewa: Vitenzi vya Fundi wa Mtandao Upareni

Kuna sentensi moja fupi inayozunguka kila siku katika ofisi za TEHAMA, kwenye halmashauri, hospitali, benki na shule: "Logi haziji." Ni Kiswahili sahihi, na kila aliye kazini anaielewa. Hata hivyo, sentensi hiyo inachelewesha kazi, kwa kuwa imebeba hitilafu za aina sita na kila aina ina dawa yake. Anayepokea simu hiyo anajua kuna ugonjwa, lakini hajui aanze kupima wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Ruta, swichi na redio za mtandao hutoa taarifa za yanayozipata: waya umechomoka, mtu ameingia kubadili mipangilio, feni imesimama, umeme umerudi. Kifaa kina nafasi ndogo ya kutunza taarifa hizo, na kikizimika, nyingi hufutika. Kwa hiyo hupangiwa kupeleka nakala kwa seva iliyo mbali, ili yote yawe mahali pamoja na yasomeke hata kifaa chenyewe kikiwa kimekufa. Utaratibu huo ndio mafundi wanaouita sislogi.

Wilayani Same, huku Upareni, kazi hii haina mbadala. Mji uko tambarare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, lakini watu wengi wako juu: Vudee, Chome, Suji, Mbaga, Mamba. Mlima Shengena unafika mita 2,462. Swichi ikinyamaza mlimani wakati wa masika, barabara inateleza na ukungu umeshuka, fundi aliye kata ya Stesheni hana namna ya kujua kilichotokea isipokuwa kwa maandishi ambayo kifaa kiliyapeleka kabla ya kunyamaza. Asipoyapata, inabidi apande.

Mjadala wa istilahi zetu za kompyuta umezoea kuanza na nomino. Tumebishana miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Kwa jambo hili pia nomino zipo tele. Kamusi za zamani zina neno batli, la mabaharia wa pwani, kwa kile kipimo cha mwendo wa jahazi na kwa daftari la safari. Ni neno zuri mno, tena linalingana na asili ya lile la Kiingereza, ambalo nalo lilitokana na kipande cha mti kilichotupwa majini kupima mwendo wa meli. Wapo wanaosema kumbukumbu. Walinzi na wauguzi wa zamu wana daftari la matukio, lenye saa, tukio na saini, na kwa maana ndilo lililo karibu zaidi na kazi ya seva yetu.

Mimi nakubali logi, kwa sababu mbili. Neno kumbukumbu limeshachukuliwa na kifaa kingine ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ukimwambia fundi "kumbukumbu imejaa", hajui kama umekusudia nafasi ya kufanyia kazi au mafaili ya matukio, na makosa hayo mawili hayatibiwi kwa njia moja. Batli nayo ingehitaji kufundishwa upya kwa watu ambao hawajawahi kuona jahazi likipima mwendo. Logi imeshazoeleka mdomoni, imeingia ngeli ya i-/zi- bila kusukumwa: logi hii, logi hizi, logi imefutwa. Ina upungufu mmoja tu. Haiwezi kuzaa kitenzi, maana -loga ni ya uchawi tangu zamani na haitaachia nafasi. Kwa hiyo tunalazimika kutafuta vitenzi kwingine, na hapo ndipo utajiri wetu ulipo.

Watu wa Upare Kusini wana kitu kiitwacho ndiva. Ni bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, na maji huenda mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Bangalala, bonde la Makanya, kuna ndiva ya Manoo ambayo watafiti wa maji wameiandika sana. Mkulima ambaye maji hayajamfikia haishii kusema hayaji. Anapandisha mfereji na kuuliza kwa mpangilio: ndiva ina maji? Imefunguliwa? Maji yamegeuzwa njiani? Yamefika kwenye mdomo wa shamba langu ila mdomo umezibwa? Kila swali lina kitenzi chake na mahali pake pa kusimama. Fundi wa mtandao anahitaji mpangilio uleule, na Kiswahili kinao tayari: kutoa, kutuma, kufika, kupokelewa, kuandikwa, kuonekana.

Kifaa kimetoa taarifa? Hili linajibiwa kwenye kifaa chenyewe. Kwenye ruta na swichi za Cisco, amri ya show logging huonyesha taarifa zilizomo ndani ya kifaa na pia hali ya upelekaji: seva gani, hadi kiwango gani, mistari mingapi imeshapelekwa. Tukio lisipokuwepo humo, tatizo limekwisha kujulikana liko wapi, na hakuna haja ya kugusa seva.

Kimetuma? Hapa makosa ni ya mipangilio: anwani ya seva imeandikwa vibaya, au kiwango kilichowekwa kinazuia taarifa zisitoke. Ni hapa pia inapofaa kutofautisha kutuma na kukabidhi. Sislogi ya kawaida hupita UDP, kwenye poti 514. UDP hutuma, haingoji jibu, haiulizi kama mzigo umepokelewa, na pakiti ikipotea njiani hakuna anayejua. TCP hukabidhi, kila kilichopelekwa hudaiwa ithibati, na kisipothibitishwa hurudiwa. Tangu mwaka 2009 kuna pia utaratibu rasmi wa kupitisha sislogi katika njia iliyofumbwa, kwenye poti 6514, na huo hutumia TCP. Lakini kukabidhi nako kuna mpaka. Ithibati ya TCP inasema tu kwamba mzigo umeingia mikononi mwa kompyuta ya upande wa pili. Haisemi kama umeandikwa kwenye diski.

Tofauti hii ina uzito wa pekee milimani. Kiungo cha redio kati ya Same mjini na tawi la juu kikikatika, ruta iliyo juu hutoa taarifa kwamba njia imekatika, kisha huituma kwa njia hiyohiyo iliyokatika. Kwa UDP taarifa hiyo imepotea moja kwa moja. Inabaki ndani ya kifaa tu. Ndiyo maana ile dawa yetu ya kila siku, "izime uiwashe", inaumiza sana uchunguzi: inafuta nakala pekee iliyobaki. Fundi makini husoma kwanza, akanakili, ndipo akazima.

Imefika? Hapa tunahamia kwenye seva. Programu ya tcpdump ikiwekwa isikilize UDP 514, huonyesha kila pakiti inayogusa kadi ya mtandao. Isipoonyesha kitu, ujumbe umepotea njiani: ruta ya katikati haina njia ya kuelekea kwenye seva, au kuna kizuizi. Kizuizi hicho mafundi wengi hukiita fayawoli, nami nawaunga mkono. "Ukuta wa moto" lililomo katika baadhi ya orodha za istilahi humpa msomaji picha ya ukuta unaowaka, wakati asili yake ni ukuta wa kuzuia moto usivuke.

Imepokelewa? Hili ndilo swali linaloachwa mara nyingi, kwa kuwa watu hudhani kufika ndiko kupokelewa. Kwenye Linux, tcpdump huona pakiti kabla fayawoli ya seva haijaikagua. Kwa hiyo fundi anaweza kuiona ikiingia kwa macho yake, mstari baada ya mstari, na bado programu ya sislogi isiipate hata moja. Fayawoli imeikataa mlangoni, au hakuna anayesikiliza. Kwenye seva nyingi zinazotumia programu ya sislogi iitwayo rsyslog, mistari ya kufungua poti 514 huja ikiwa imezimwa kwa alama ya #, na asiyeiondoa hatapokea chochote kutoka nje. Kufika ni tendo la ujumbe. Kupokea ni tendo la seva. Kiswahili kimeyatenga tangu mwanzo. Wanaoyachanganya ni sisi, tukiwa na haraka.

Hapa pia neno poti linahitaji uangalizi. Poti ya swichi ni tundu la kuchomekea waya. Poti 514 ni namba tu, haina umbo. Nimesikia mtu akiambiwa "poti imefungwa" akaenda kukagua waya. Tukisema tundu kwa lile la waya na kuiacha poti iwe ya namba, mkanganyiko huo unakwisha. Vilevile tuseme pakiti, tuachane na kifurushi, maana kifurushi nchini Tanzania ni kile anachonunua mtu kwenye simu yake kwa dakika na MB, na hakuna kamati itakayombadilisha.

Imeandikwa? Programu imeipokea, lakini diski imejaa, au faili halina ruhusa, au kanuni iliyo juu zaidi katika mipangilio imeielekeza kwingine na kuitupa. Mwisho, inaonekana? Imeandikwa, ila imelala mahali ambapo hakuna anayetazama. Ruta yenye anwani mbili ikituma leo kwa hii na kesho kwa ile, seva inayopanga mafaili kwa anwani itaigawa mara mbili, na msomaji wa faili moja ataapa kwamba tangu jana hakuna kitu. Dawa yake ni kukilazimisha kifaa kitumie chanzo kimoja daima.

Vitenzi hivi sita vinapata makali zaidi vinapokanushwa. Haifiki, haijafika, haikufika: herufi chache, uchunguzi tofauti. Haifiki ni hali ya kudumu, kwa hiyo tafuta kizuizi au anwani mbaya. Haikufika ni ya ujumbe mmoja uliokwisha kupotea wakati wenzake wanapita, kwa hiyo tafuta msongamano au kiungo kilichokatika kwa muda. Haijafika ina matumaini ndani yake, nayo ni sahihi pale tu penye foleni: rsyslog ikiwa imepangwa kutumia TCP na kuhifadhi foleni kwenye diski, ujumbe unaweza kukaa saa nzima ukisubiri seva irudi, kisha ukafika salama. Kwa UDP, kusema haijafika baada ya nusu saa ni kumdanganya mwenzako. Haikufika, wala haitafika.

Tuone jambo moja kwa karibu. Ofisi moja mjini Same ina tawi mlimani. Asubuhi moja ofisa TEHAMA alipigiwa simu kutoka juu: "Dada, kompyuta za mapokezi hazisomi mtandao." Akafungua logi za swichi ya huko kwenye seva. Hakukuta neno lolote kuhusu tundu la mapokezi. Ajabu ni kwamba siku za nyuma, waya wa chumba kingine ulipolegea, taarifa ilikuja bila shida. Seva ilikuwa ikipokea na kiungo kilikuwa kizima. Hakuridhika na "haziji". Aliingia kwenye swichi yenyewe akauliza swali la kwanza: imetoa? Ilikuwa imetoa. Mstari ulikuwepo:

%LINK-5-CHANGED: Interface GigabitEthernet0/12, changed state to administratively down

Ule wa siku za nyuma, uliofika, ulikuwa na sura hii:

%LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/7, changed state to down

Kiingereza cha mashine kimehitaji neno refu kutenga hali hizi mbili. Kiswahili kinazitenga kwa kiambishi kimoja: tundu la 7 lilizimika, tundu la 12 lilizimwa. Kauli ya kutendeka inaeleza hali bila kumtaja mtendaji: waya umelegea, kompyuta ya upande wa pili imekufa, panya amekula kebo. Kauli ya kutendwa inadai mtendaji: mtu ameingia akatoa amri. Na mashine inatofautisha uzito wake, kwa namba ile ya katikati. Kuzimika ni 3, hitilafu. Kuzimwa ni 5, jambo la kawaida lakini la kuzingatia, kwa kuwa mtu halali amelifanya kwa kusudi.

Swichi hiyo ilikuwa imepangiwa kutuma hadi kiwango cha 4. Kila kilichozimika kilitangazwa Same mjini. Kila kilichozimwa kilibaki mlimani. Mstari wa jirani yake, nao wa kiwango cha 5, ulionyesha kwamba mtu alikuwa amebadili mipangilio akiwa mbali, muda mfupi kabla. Fundi mwingine alikusudia tundu la pili yake, akakosea namba. Dada yule alilifungua tundu, akapandisha utumaji hadi 6, na tangu hapo mikono ya watu nayo ikawa inaonekana kwenye logi.

Hapana budi kusema pia kwamba wasemaji hatuitumii tofauti hiyo kwa uaminifu kila mara. Tunasema umeme umekatika hata pale tunapojua umekatwa, kwa adabu au kwa kuepuka kumtaja mtu. Katika mazungumzo hilo ni busara ya lugha. Katika taarifa ya hitilafu lina gharama, kwa sababu aliye mbali atatafuta waya mbovu wakati alipaswa kutafuta aliyetoa amri. Anayeandika logi, ripoti ya zamu au ujumbe wa kukabidhi kazi aseme imezimika akiwa hajui mtendaji, na imezimwa akiwa anamjua au ana ushahidi kwamba yupo.

Viwango vyenyewe ni vinane, kuanzia 0 hadi 7, na 0 ndiyo kali kuliko zote. Hapo kuna mtego. Ukimwambia mwenzako "weka kiwango cha juu", mmoja ataweka 7 kwa kuwa ndiyo namba kubwa, mwingine ataweka 1 kwa kuwa ndiyo hatari kubwa, na wote wawili watakuwa wamekutii. Neno linalookoa ni hadi: "tuma hadi 6". Hapo hakuna wa kubishana.

Majina ya viwango hivyo yametafsiriwa mara nyingi kwa kubadilishana maneno mawili tu, tahadhari na onyo, mpaka hayana ngazi tena. Tunao mfano bora zaidi nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Wananchi wamejifunza kuzisikiliza kama ngazi, na wilayani Same hilo si suala la kamusi. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Goha, Mamba Myamba, ukaua watu. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, neno la kuonya lazima lijulikane liko ngazi ya ngapi.

Kwa logi, ningeanza na maelezo yaliyomo kwenye kiwango chenyewe, kuliko kuanza na jina la Kiingereza. Waraka rasmi wa sislogi unaeleza 0 kuwa mfumo hautumiki tena: tuseme mfumo umelala. 1 ni chukua hatua sasa hivi. 2 ni hali mahututi, neno ambalo wauguzi wamelitunza vizuri. 3 ni hitilafu. 4 ni onyo. 5 ni la kuzingatia. 6 ni taarifa. 7 ni uchunguzi, yaani maneno mengi ambayo fundi huyafungua kwa muda anapotafuta chanzo, kisha huyafunga kabla hayajaijaza diski. Aliyezoea Kiswahili akiyasikia kwa mfuatano huo anahisi hatari ikipungua ngazi kwa ngazi, bila kukariri jedwali.

Limebaki la saa, ambalo kwetu ni gumu kuliko kwa wengi. Tukio moja lina saa tatu. Mama wa mapokezi mlimani anasema umeme ulikatika saa mbili na robo asubuhi. Saa ya ukutani inayofuata Afrika Mashariki inaandika 08:15. Seva iliyopangwa kwa UTC inaandika 05:15. Fundi asiyeuliza atatafuta 02:15, akute kimya, aseme logi haikuandikwa. Ilikuwepo muda wote, haikuonekana. Mtindo wa zamani wa sislogi huongeza ugumu, kwa kuwa muhuri wake wa saa hauna mwaka wala tofauti na UTC. Mtindo mpya, uliosanifiwa mwaka 2009, una vyote viwili, na kwa Tanzania huishia na +03:00.

Mlimani, ambako umeme huenda na kurudi, kuna jingine. Swichi nyingi za Cisco zisizo na betri ya saa, zikiwaka upya, hujiona ziko tarehe 1 Machi 1993 hadi zitakapopata saa sahihi kutoka kwa seva ya saa. Mwaka hauonekani kwenye mstari. Inaonekana Machi tu, na mbele yake kinyota kidogo. Kinyota hicho ni kukiri kwa kifaa kwamba hakiamini saa yake. Anayekijua hatapoteza asubuhi akishangaa vipi matukio ya Novemba yameandikwa Machi; atakwenda moja kwa moja kurekebisha seva ya saa. Na katika ripoti tuandike kipindi sikuzote: saa 2:15 asubuhi, yaani 08:15. Maneno mawili ya ziada yanatosha.

Historia ya sislogi yenyewe inafundisha jambo kuhusu istilahi. Eric Allman aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Berkeley, Marekani, kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail. Wengine wakaipenda, wakaiiga, kila mtengenezaji kwa namna yake. Waraka wa kwanza wa pamoja, RFC 3164, ulitoka Agosti 2001, nao ulieleza tu yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari. Usanifu kamili, RFC 5424, ulikuja Machi 2009. Matumizi yalitangulia, kanuni ikafuata, na kanuni iliyofaulu ni ile iliyosikiliza matumizi.

Ndiva haikutungwa na kamati. Wala msaragambo, neno la Kipare la kazi ya pamoja ambalo leo linasikika hata kwa wasiojua Kipare, kwa sababu linaitaja kazi ambayo watu wanaifanya. BAKITA, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi na tunalihitaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na msamiati wa faili, hariri na hifadhi ukapata nyumba. Lakini juhudi hizo zilimlenga mtumiaji anayekaa mbele ya skrini. Fundi anayetafuta hitilafu usiku hakupewa orodha yake, na orodha anayoihitaji ina nomino chache sana.

Ningependa orodha ijayo ya istilahi za mitandao ianze na vitenzi, kila kimoja na kauli zake na ukanushi wake: -toa, -tuma, -kabidhi, -fika, -pokelewa, -andikwa, -onekana, -zimika na -zimwa, haifiki, haijafika, haikufika. Kila kimoja kipewe kipimo kinachokithibitisha, ili mwanafunzi wa chuo cha ufundi ajue kwamba imefika hutamkwa baada ya kutazama tcpdump, na imepokelewa baada ya kutazama programu ya sislogi. Mipangilio ya kutoa taarifa ya hitilafu ofisini ifuate mlolongo huohuo, na anayepiga simu aeleze ujumbe ulifikia kitenzi cha ngapi kabla ya kukwama.

Faida yake Upareni inahesabika kwa nauli. Ikiwa haikutumwa, na kiungo nacho kimekatika, mtu lazima achukue bodaboda apande Chome, mvua iwe inanyesha au isiwe. Ikiwa haikupokelewa, hitilafu iko kwenye seva mjini, na huondolewa kwa kuondoa alama ya # mbele ya mistari miwili. Anayezitenga kauli hizo mbili katika simu ya kwanza anamwondolea mwenzake safari isiyo ya lazima, na tawi la mlimani linarudi kazini asubuhi hiyohiyo.